Gesi jikoni haitoshi kuiokoa miombo

Kila nishati safi ya kupikia inapozungumziwa nchini Tanzania, takwimu moja haikosi: hekta 469,000 za misitu zinazopotea kila mwaka. Viongozi huitaja majukwaani, wanahabari huinukuu, na hata kwenye hafla za kugawa majiko vijijini utaisikia kabla mtungi wa kwanza haujakabidhiwa. Kwa namna inavyotajwa, msikilizaji huondoka akiamini kwamba hekta zote hizo zimeishia kwenye matanuri ya mkaa na mafiga ya kuni, kwa hiyo siku kila nyumba itakapowasha gesi, msitu utakuwa umepona. Takwimu yenyewe haisemi hivyo. Ilitokana na kulinganisha hali ya misitu ya Tanzania Bara kati ya mwaka 2002 na 2013, na inahesabu kila eneo lililokuwa msitu likageuka kuwa kitu kingine, kwa sababu yoyote ile. Mkaa na mashamba havikutenganishwa humo. Aliyeibandika yote kwenye jiko la mama lishe aliongeza maelezo ambayo hayakuwamo.

Nasema mapema ili nisieleweke vibaya: gesi, umeme na majiko sanifu naviunga mkono bila kusita. Ninachopinga ni kuiuza sera ya nishati kana kwamba ndiyo sera ya misitu. Kosa hilo lina gharama kubwa. Linayaelekeza macho yetu jikoni mjini wakati msitu unamalizwa na jembe kijijini, na linamfanya kila mchoma mkaa kuwa mhalifu wakati, katika misitu ya miombo, ile misitu mikavu inayopukutisha majani kiangazi, iliyo mikononi mwa vijiji, mkaa unaovunwa kwa mpango ni miongoni mwa mambo machache yanayoweza kumpa mwanakijiji sababu ya kuuacha msitu usimame. Tukiendelea hivi, huenda tukafika mwaka 2034 tukiwa na mitungi mingi na misitu michache.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 ulizinduliwa Mei 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Kabla yake kulikuwa na agizo la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, kama shule, magereza na kambi, kuachana na kuni na mkaa. Sababu za kiafya pekee zinatosha kuhalalisha yote hayo. Takwimu za Serikali zinataja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa kupikia, na wanaoukohoa moshi huo ni wanawake na watoto wanaobebwa mgongoni chungu kikiwa mekoni. Ongeza saa za kutafuta kuni, na hatari zinazowapata wasichana huko porini. Kama mkakati ungetetewa kwa hoja hizo tu, nisingekuwa na neno. Lakini umebebeshwa pia mzigo wa kuokoa bayoanuai, na mzigo huo hauwezi.

Turudi kwenye msitu wenyewe. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu ilionesha kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48 hivi za misitu, zaidi ya nusu ya ardhi yote, na karibu nusu ya misitu hiyo iko kwenye ardhi ya vijiji. Sehemu kubwa kabisa ni miombo: miyombo na mitondoro, mninga unaogombewa na maseremala, mpingo wa wachonga vinyago, nyuki wa Tabora, uyoga wa masika, palahala na mbwa mwitu. Mtu anayepita na basi kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, huiona kama pori tupu lisilo na mwenyewe. Hilo ndilo tatizo lake la kwanza. Haina sura ya kupendeza ya misitu ya Usambara, haina mtalii wa kuipiga picha, na katika hesabu za wengi ni ardhi inayongoja kazi.

Miombo ina tabia moja inayobadilisha mjadala wote: ukiukata, unachipua. Mti wa miyombo ukikatwa kwa shoka na kisiki kikaachwa, mvua za kwanza zinapopita chipukizi hujitokeza kisikini na mizizini, na baada ya miaka kadhaa eneo linakuwa msitu mchanga tena. Mkaa pekee, bila moto wa mara kwa mara wala mifugo kulundikana, huudhoofisha msitu huu lakini si lazima uufute. Shamba hufuta. Mkulima hufyeka, hukusanya matawi, huchoma moto, hung'oa visiki kidogo kidogo msimu hadi msimu, na kila chipukizi linalojaribu kuinuka linakutana na jembe. Watafiti waliokwenda kukagua maeneo yaliyopoteza msitu sehemu mbalimbali za nchi, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020, walikuta kilimo ndicho kinachoongoza kwa mbali, mahindi yakiwa mbele. Mkaa ulikuwepo, lakini mara nyingi ulikuja nyuma ya shamba. Anayefungua shamba huona magogo yamelala chini, akaona heri apate magunia machache kuliko kuyaacha yageuke majivu.

Nimewahi kusimama kwenye shamba jipya la ufuta upande wa Kilosa. Magogo manene ya mitondoro yalikuwa yamelala yakiwa meusi, yameungua nusu, ufuta umechanua maua meupe katikati yake. Hakukuwa na tanuri hata moja. Mwenye shamba hakuwa na haja na mkaa. Barabara ilikuwa mbali na kibali kilikuwa shida. Msitu ule ulikwenda wote, na hakuna jiko lolote la Dar es Salaam lililopikiwa hata chai kutokana nao. Shamba kama lile likiingia kwenye hesabu ya hekta zilizopotea, linahesabiwa pamoja na mengine, kisha linasomwa jukwaani kama dhambi ya mkaa.

Sasa, wanaosema mkaa ni adui wana hoja nzito, na si haki kuipita juu juu. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 5.4 katika sensa ya 2022, na sehemu kubwa bado inapikia mkaa unaonunuliwa kwa kopo asubuhi na kopo jioni. Watafiti waliofuatilia ukataji kuanzia jijini kwenda nje waliona jambo la kutisha. Mwaka 1991 ukanda wa uchomaji mkaa ulikuwa kilomita 20 hivi kutoka jijini. Kufikia 2005 ulikuwa umefika kilomita 50, na mbele yake ukanda wa wakata mbao ukisogea kasi zaidi. Walioumizwa na wimbi hilo ni misitu ya mwambao, ambayo haina uwezo wa miombo wa kujirudia. Pugu na Kazimzumbwi, misitu iliyo karibu kabisa na jiji, imetafunwa miaka na miaka. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi anayetoka usiku, ambaye makazi yake duniani ni vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania. Kipande kimoja kikiisha, hana pa kuhamia. Hapo mkaa hauhitaji wakili.

Ukivuka hadi mashariki mwa Kongo, hoja hiyo inakuwa kali zaidi. Jiji la Goma linapikia mkaa, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mkaa huo imetoka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, biashara ikilindwa na watu wenye bunduki. Julai 2007 gorila kadhaa wa milimani waliuawa kwa risasi, na wahifadhi wakaelekeza kidole kwa mtandao wa mkaa uliotaka kuwanyamazisha askari wa hifadhi. Msitu wa mlimani kwenye udongo wa volkano, uliozungukwa na mamilioni ya watu na vita visivyoisha, hauwezi kuitwa msitu wa kuvuna mkaa kwa mpango wowote. Kule, umeme wa maporomoko ambao hifadhi yenyewe imejenga mitambo ya kuuzalisha ni sera ya nishati na ya misitu kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo hoja yangu ina mipaka, na mipaka hiyo inatoka kwenye aina ya msitu. Misitu ya mwambao, misitu ya Tao la Mashariki, ile safu ya milima yenye Usambara na Udzungwa, mikoko ya Rufiji: humo mkaa ni uharibifu mtupu na ulinzi uwe mkali. Miombo ni habari nyingine. Kosa la mjadala wetu ni kuzungumza juu ya "msitu" kana kwamba ni mmoja, tukachukua kisa cha Pugu tukakitumia kuhukumu Kilosa, Kilwa na Tabora.

Hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote ni ile inayosema: piga marufuku mkaa, miti itabaki. Imeshajaribiwa. Mapema mwaka 2006 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku mkaa; bei ikapaa, na marufuku ikaondolewa baada ya wiki chache tu kwa sababu watu hawakuwa na kitu kingine cha kupikia. Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, na mwaka huohuo Kaunti ya Kitui ikaupiga vita mkaa wake hadi lori likachomwa moto barabarani. Bei Nairobi ikapanda. Mkaa haukuisha, ulianza kusafiri kwa njia nyingine. Marufuku hailiondoi hitaji. Humwondoa mfanyabiashara anayelipa ushuru, ikamwachia uwanja yule wa bodaboda anayepita usiku na magunia matatu, taa imezimwa, akilikwepa geti la maliasili. Huyo hachagui mti, haachi kisiki, hajali kama ni kando ya mto. Na kijiji ambacho jana kilikuwa na mapato kutoka msituni, leo kimebaki na msitu usiokiletea chochote isipokuwa nyani wanaokula mahindi.

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Mwanakijiji hafyeki msitu kwa sababu anauchukia. Katika vijiji vingi, kufyeka ndiko kunakokupa ardhi. Pori halina jina la mtu. Ukilifungua ukalima, majirani wanajua ni lako, na mtoto wako atalirithi. Ukiliacha limesimama, msimu ujao atakuja mwingine, pengine mgeni kutoka wilaya nyingine mwenye trekta, naye atalifungua. Idadi ya watu nchini ilipanda kutoka karibu milioni 45 mwaka 2012 hadi milioni 61.7 mwaka 2022. Watu hao wanakula, na mahindi yao yanatoka zaidi kwenye ardhi mpya kuliko kwenye mavuno makubwa ya ardhi ileile, kwa kuwa hekta moja ya mkulima mdogo bado inatoa mavuno kiduchu. Mtungi wa gesi hauligusi hata jambo moja kati ya hayo.

Kilichowahi kuligusa kilianzia Kilosa. Kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, mtandao wa jamii wa MJUMITA na shirika la nishati endelevu la TaTEDO, kwa ufadhili wa Uswisi, walianza kufanya kazi na vijiji vya wilaya hiyo. Kijiji kilipima mipaka yake, kikaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, kikatenga msitu wa hifadhi wa kijiji kama Sheria ya Misitu ya 2002 inavyoruhusu, na ndani ya msitu huo kikatenga sehemu ndogo ya mkaa. Sehemu hiyo iligawanywa vipande vya mita 50 kwa 50. Kipande kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa, ukitazama ramani unaona kama ubao wa drafti. Kilichovunwa kinapumzika miaka 24. Kando ya mito hakukatwi, miti ya mbao kama mninga haiguswi, na kisiki kinaachwa kichipue. Mchoma mkaa anafundishwa kulipanga tanuri: magogo makavu yaliyopangwa yakabanana, majani juu, udongo juu ya majani, na matundu ya hewa anayoyasoma kwa rangi ya moshi, mweupe ukimwambia maji bado yanatoka, wa bluu ukimwambia azibe kabla mkaa haujawa majivu. Kazi ile inataka mtu asilale.

Ushuru wa kila gunia uliingia kwenye akaunti ya kijiji, na mkutano mkuu ukaamua matumizi. Madarasa yalijengwa, visima vikachimbwa, kamati ya maliasili ikapata fedha za kufanya doria. Jambo hili la mwisho wengi hulipita, nami naliona ndilo kubwa. Kabla ya hapo kijiji kilikuwa na msitu mkubwa na hakikuwa hata na hela ya kumlipa mgambo posho ya siku. Baada ya mapato ya sehemu ndogo ya msitu, kijiji kikawa na uwezo wa kuilinda sehemu kubwa iliyobaki, pamoja na viumbe wake, dhidi ya mfungua shamba. Mti wa mkaa ulilipia ulinzi wa mti wa nyuki.

Wapo wanaosema vijiji haviwezi, kwamba viongozi watakula fedha na kibali halali kitafunika magendo. Hatari hiyo ipo kweli. Gunia likishafika barabarani hakuna anayeweza kujua limetoka kipande kilichopangwa au porini, na mwenyekiti anayebadilika kila uchaguzi anaweza kuja na tamaa zake. Lakini jibu la hoja hiyo tunalo nyumbani. Kule Kiteto, vijiji vya kata za Sunya, Lengatei na Dongo, ambavyo msitu wao wa pamoja unaitwa SULEDO, vilichukua miombo iliyokuwa ikielekea kuisha, vikailinda vyenyewe, na mwaka 2002 vikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, vikauza mpingo kwa bei ambayo havikuwahi kuiona. Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vijiji vinavyolinda misitu ya Ntakata, wanakoishi sokwe mtu, vimepokea mabilioni ya shilingi kutokana na biashara ya kaboni, yaani malipo ya kuuacha msitu usimame ili uendelee kuhifadhi hewa ya ukaa. Ninaihofia kaboni kwa sababu bei yake hupangwa mbali na huyumba, lakini somo ni lilelile: kijiji kinacholipwa na msitu huulinda msitu. Na kama kigezo ni wizi, tuulize pia misitu ya Serikali iliyo karibu na miji ilitunzwa vipi, Pugu ikiwa shahidi.

Ugumu wa kweli uko kwenye bei za mazao, na hapa watetezi wa misitu ya jamii tunatakiwa kuwa wakweli. Ufuta ukiuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, mkulima wa Lindi anapata bei nzuri kuliko alivyopunjwa zamani na walanguzi. Hiyo ni haki yake. Lakini bei nzuri katika mahali ambapo ardhi mpya ni ya bure ina matokeo yanayotabirika: msimu unaofuata eka zinaongezeka, na zinaongezeka kuelekea msituni. Vivyo hivyo kwa mbolea ya ruzuku iliyoanza 2022. Wengine wanadhani mkulima akivuna zaidi kwenye eka moja ataridhika, pori litapumzika. Ataridhika pale tu eka ya pili itakapokuwa na gharama. Mahali ambapo kijiji hakina mipaka inayojulikana wala msitu uliotengwa, faida ya shamba la kwanza ndiyo mtaji wa kufyeka la pili. Kwa hiyo mbolea, mnada na mpango wa matumizi ya ardhi vinatakiwa kufika kijijini pamoja. Kikitangulia cha kwanza na cha pili, cha tatu kitakuta hakuna cha kupanga. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000, na vilivyokwisha kupata mpango wa matumizi ya ardhi bado havijafika nusu.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanafuata kwa wanaosimamia mkakati huu. Fedha za kulinda misitu zisihesabiwe kuwa zimeshatumika kwa sababu mitungi imenunuliwa. Bajeti ya kupima vijiji na kutenga misitu yake ijitegemee, na iwe kubwa kuliko ilivyo sasa. Mpito kuelekea gesi utachukua miaka, na kwa miaka hiyo miji itapikia mkaa tutake tusitake, kwa hiyo ni afadhali mkaa huo utoke kwenye miombo ya vijiji yenye mpango kuliko Kazimzumbwi, na kanuni zetu zimpe mchoma mkaa wa kijiji kibali kwa wepesi zaidi ya ule anaoupata mwenye magendo kuyapita mageti. Na soko la mkaa likianza kupungua kweli mjini, jambo ninaloliombea, vijiji vilivyokuwa vikilinda msitu kwa fedha ya mkaa viwe vimeshaandaliwa mapato mengine ya msituni, asali, mbao au kaboni. Vinginevyo siku lori la mwisho la mkaa litakapoondoka Kilosa, mnunuzi pekee wa ardhi ile atakuwa ufuta.

Taarifa za utekelezaji huhesabu mitungi iliyogawiwa na taasisi zilizobadilisha majiko. Ziongezewe safu nyingine: hekta za msitu zilizogeuka shamba mwaka huo, miombo peke yake, misitu ya mwambao peke yake, ya milimani peke yake, na kando ya kila moja, kiasi ambacho vijiji vinavyoilinda vimelipwa. Wabunge wa kamati zinazosimamia nishati na maliasili wanaweza kuidai safu hiyo kuanzia bajeti ijayo.